Uliza muda kabla ya kuuliza bei

Ukinunua vikapu, vinyago au shanga kwa fundi mwenyewe ili ukauze, usianze na "hiki bei gani?" Anza na "kinakuchukua muda gani, tangu kuandaa malighafi hadi kumaliza?" Zidisha saa hizo kwa ujira ambao mtu wa hapo anaweza kuishi nao, ongeza malighafi, rangi na usafiri, ndipo mzungumze bei. Kikapu cha saa 12 kinachouzwa kwa ujira wa saa 4 maana yake fundi ndiye anayekufadhili wewe. Inasaidia kwa sababu wengi huhesabu vifaa tu. Kazi ya mikono yao wenyewe, hasa ile ya usiku baada ya shughuli za nyumbani, huichukulia kama ya bure. Na anayetaja bei kwanza hutaja ile anayodhani hutaikataa.

Mbinu hii haifai ukiwa na dalali, maana saa atazitunga. Pia humwonea fundi hodari: anayemaliza haraka kwa uzoefu wa miaka 20 atalipwa pungufu kuliko mwanafunzi wake. Hapo kubalianeni kwa kipande, mkitumia muda wa fundi wa kawaida.

Halafu arbuni. Kanuni za World Fair Trade Organization, shirika la kimataifa la biashara ya haki, zinataka mwanachama wake anayenunua kazi za mikono atoe angalau 50% mapema, bila riba, fundi akiomba. Wengi hawaombi, kwa hiyo itaje wewe.