Kuvusha gari kwenye barabara inayofunikwa na bahari
Soma kwanza jedwali la maji kujaa na kupwa, kisha uvuke maji yakiwa bado yanakupwa, hasa wakati wa bamvua, ambapo hujaa juu zaidi na huweza kukukuta katikati ya njia. Yakikaribia tundu la injini la kuvutia hewa, nakusihi usivuke. Unganisha magurudumu yote manne na injini, tia gia nzito, uende mwendo wa mtu anayetembea ili wimbi dogo litangulie mbele ya boneti, wala usikanyage klachi njiani. Injini ikizimika majini usiiwashe tena, kwani maji yakiingia kwenye silinda huweza kupinda mikono ya pistoni. Ukishatoka, kausha breki kwa kuzikanyaga taratibu, osha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, na mafuta ya difu (gia za kwenye ekseli zinazozungusha magurudumu) yakionekana meupe kama maziwa, yabadilishe.