Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kujiunga na Safari ya RV ya Kuteleza Thelujini na Watu Usiowajua

Kila msimu wa baridi nchini Marekani, watu huchangishana fedha, wakakodi gari la RV, yaani lile gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, wakaondoka kwa wiki nzima kwenda kuteleza kwa ubao katika milima ya Colorado na Utah. Mara nyingi abiria wanane hawajawahi kuonana hadi asubuhi ya kuondoka. Mwaliko wa namna hiyo humfikia pia msomaji wa Kiswahili anayeishi Denver au Salt Lake City, miji iliyopokea familia nyingi kutoka Kongo, Burundi na Somalia, au mwanafunzi aliyetoka Nairobi au Dar es Salaam ambaye theluji bado ni jambo geni kwake. Watu wengi wanaojiandaa huanza kwa kuhangaikia ubao na viatu. Kwa maoni yangu hayo ni mepesi, kwa kuwa yanakodishwa kila mahali. Yanayovunja safari za aina hii ni mkataba wa gari, fedha, baridi ya usiku, na swali ambalo wachache hujiuliza mapema: nikitaka kuwaacha wenzangu katikati ya safari, nitaondokaje?

Mkataba wa gari ndio wa kwanza. Jina la aliyeandaa safari limo ndani yake, na madereva wanaoruhusiwa ni wale tu walioorodheshwa hapo. Iwapo dereva atachoka usiku, akamkabidhi usukani mtu ambaye jina lake halimo, kisha ajali ikatokea, bima inaweza kukataa kulipa, na hasara ikaangukia kundi zima ambalo halina hata anwani za kutafutana. Kwa hiyo omba uone ukurasa wa madereva kabla ya kutuma mchango wako. Ikiwa mwandaaji ni Mswahili mwenzako, aibu ya kuuliza huwa kubwa zaidi, lakini hakuna heshima inayovunjwa na mtu anayesema, "Kaka, samahani kwa usumbufu, naomba picha ya ukurasa wenye majina ya madereva, halafu nitume mchango wangu leo hii." Anayekasirishwa na ombi hilo amekwisha kukujibu.

Katika mkataba huohuo kuna mambo mawili ya fedha yanayohitaji kuandikwa upya kwa lugha ya kundi: amana inayozuiliwa na kampuni, na kiasi cha kwanza cha hasara ambacho mkodishaji hulipa mwenyewe kabla bima haijaingia. Andikeni nani analipa kioo kikipasuliwa na kokoto, na nani analipa bampa ikigongwa wakati wa kurudi nyuma. Mimi naona ni haki hasara zote za barabarani zigawanywe sawa kwa wote, isipokuwa dereva awe alikunywa pombe, kwa sababu mkimtwika dereva peke yake mzigo huo hamtapata mtu wa kujitolea kuendesha. Fedha nazo zisitumwe zote kwa mkupuo kupitia Zelle au Cash App kwa mtu unayemjua kwa ujumbe wa simu tu, maana malipo hayo yakishapokewa ni vigumu kuyarudisha. Lipa sehemu, dai risiti, na inapowezekana lipia kwa kadi ya mkopo, ambayo inakupa njia ya kupinga malipo.

Barabara yenyewe inastahili kusomwa kabla. Kutoka Denver, barabara kuu ya I-70 hupanda kuelekea magharibi, hupenya mlima katika handaki la Eisenhower lililo mita 3,401 juu ya usawa wa bahari, kisha huteremka hadi Silverthorne kwa mteremko unaofikia asilimia 7. RV iliyopakiwa watu na mizigo ina uzito wa tani kadhaa, na dereva anayekanyaga breki mfululizo kwenye mteremko huo huzichemsha hadi zikapoteza nguvu. Ndiyo maana kando ya barabara zimejengwa njia za dharura kwa malori yaliyoshindwa breki. Dereva wenu awe anajua kushusha gia mapema na kuiachia injini kazi ya kulizuia gari. Muulize ameshawahi kuendesha nini, wapi, na katika hali gani ya hewa. Jibu la "mimi naendesha kila kitu" halitoshi.

Sheria ya Colorado inataka kwamba kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Mei, magari yanayopita I-70 kati ya Morrison na Dotsero yawe na matairi yanayofaa kwa theluji, yenye kina cha kashata kisichopungua takribani milimita 5, au yawe yamebeba minyororo ya matairi au vifaa vingine vinavyokubalika. Theluji ikizidi, mamlaka ya barabara inaweza kupandisha amri hiyo hadi kiwango ambacho kila gari lazima lifungwe minyororo au kifaa kingine kinachokubalika. Hapa pana mtego ambao wengi hawauoni: baadhi ya kampuni za kukodisha RV hukataza katika mkataba kufunga minyororo kwenye matairi yao. Sheria inakuamuru ufunge, mkataba unakukataza, nawe uko kilimani usiku na askari wa barabarani anakusubiri uamue. Suluhisho liko kwenye simu moja inayopigwa kabla ya safari: iulizeni kampuni gari lina matairi gani na minyororo inaruhusiwa au la. Jibu likiwa ni hapana, ratiba iwe na siku moja au mbili za akiba, ili amri hiyo ikitolewa mngoje chini, msilazimike kupanda.

Wanaotaka kuunganisha Colorado na Utah wasiichague I-80 ya Wyoming kwa kuitazama kwenye ramani tu. Ni kweli haipiti milima mirefu kama I-70, lakini upepo wake ni mkali, na mara kwa mara hufungwa kwa magari mepesi yaliyoinuka juu, kundi ambalo RV imo. Upande wa Salt Lake City, barabara ya kupanda bonde la Little Cottonwood hupita chini ya njia nyingi za maporomoko ya theluji, na hufungwa ili milipuko itumike kuangusha theluji kwa makusudi. Hatari ikizidi, walioko juu huamriwa kubaki ndani ya majengo, na kuwa ndani ya gari hakuhesabiwi kuwa ndani ya jengo. Kupeleka kitanda chako cha magurudumu huko juu wakati dhoruba inatabiriwa ni kujitafutia shida. Isitoshe, ukifika mwisho wa bonde hilo utaikuta Alta, ambayo hadi leo hairuhusu ubao, ila watelezaji wa ski pekee, yaani wanaofunga mbao mbili nyembamba, moja kwa kila mguu. Wenye ubao huishia Snowbird.

Suala la tiketi limevunja urafiki mwingi. Bei ya siku moja inayolipwa dirishani katika vituo vikubwa inaweza kupita dola 200, hivyo wazoefu hununua kabla ya msimu pasi ya Epic, iliyo ya kampuni ya Vail Resorts, au pasi ya Ikon, iliyo ya kampuni ya Alterra. Pasi ya kampuni moja haifanyi kazi katika vituo vya pasi nyingine. Breckenridge na Copper Mountain ni majirani, lakini ya kwanza iko chini ya Epic na ya pili chini ya Ikon. Kundi lenye pasi mchanganyiko ndani ya gari moja litatumia kila asubuhi kubishana gari lielekee wapi. Kubalianeni pasi kabla ya kukubaliana tarehe.

Sasa usiku. Tanuri la kupasha joto ndani ya RV huchoma gesi ya propani, lakini feni inayosukuma hewa ya moto hutumia betri, na betri hupungua nguvu kadiri baridi inavyozidi. Mkilala mahali pasipo na umeme wa kuchomeka, kuna uwezekano mkubwa kwamba kama saa kumi za alfajiri feni itaanza kuzunguka polepole, itanyamaza, na gesi ikiwa bado tele kwenye mtungi mtaamka mkiona pumzi zenu. Tafuteni kiwanja cha kambi chenye umeme walau kila usiku wa pili, na mweke nafasi mapema, kwa kuwa viwanja vingi hufungwa wakati wa baridi na vituo vingi vya kuteleza havikubali mtu alale kwenye maegesho yake. Kila abiria awe na mfuko wake wa kulalia unaostahimili nyuzi joto zilizo chini kabisa ya sifuri, hata akiahidiwa kwamba ndani kuna joto. Gesi ya vijiko vidogo vya kambini ikiwa ni butani haitatoka kwenye kopo hewa ikifikia karibu nyuzi sifuri, ilhali propani hufanya kazi hadi karibu nyuzi 42 chini ya sifuri.

Maji nayo yana mambo yake. Kampuni nyingi zinazokodisha wakati wa baridi hukabidhi gari likiwa mabomba yamekaushwa na kumiminiwa dawa ya rangi ya waridi inayozuia kuganda, na hapo bomba la sinki na bafu havitumiki. Maji ya kunywa hubebwa kwenye madumu yanayowekwa ndani, karibu na watu, na choo husukumwa kwa jagi. Ni vyema kila mtu alijue hilo kabla ya kulipa, asije akadai bafu aliloliona kwenye picha. Unyevu pia ni adui: koti nane zilizolowa na pumzi za watu wanane hugeuka matone kwenye vioo, matone huganda, na godoro lililogusa ukuta huamka limeloa. Tundu la paa liachwe wazi kidogo. Viatu vya ubao vifunguliwe kamba, soksi nene ya ndani ichomolewe na iwekwe karibu na pahali hewa ya moto inapotokea, kwani kiatu kilichoganda hakiingii mguuni kwa nguvu wala kwa dua.

Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Bonyezeni kitufe cha kengele yake mbele ya wakala kabla ya kuchukua gari, msiwashe jenereta wakati theluji imerundikana kwenye bomba lake la moshi, na jiko la gesi lisitumiwe kuwa la kuota moto. Hapa sioni nafasi ya kura ya wengi. Asiyekubali sharti hilo asipande.

Kuhusu watu wenyewe, mpangilio wa vitanda uandikwe majina kabla ya siku ya kuondoka, hasa kundi likiwa na wanawake na wanaume, na mwanamke asikubali kuambiwa kwamba "tutaona tukifika". Vileo vizungumzwe waziwazi. Utah imeshusha kiwango cha pombe kwenye damu ya dereva hadi asilimia 0.05 tangu tarehe 30 Desemba 2018, chini ya majimbo mengine. Bangi inauzwa kihalali Colorado tangu 2014, lakini sheria ya serikali kuu bado inaikataza, Utah hairuhusu ya starehe, na sehemu kubwa ya vituo vya kuteleza vya Colorado viko kwenye ardhi ya misitu ya serikali kuu. Kwa asiye raia wa Marekani jambo hili si dogo, kwa kuwa hata kukiri matumizi kunaweza kuharibu ombi la ukaazi au uraia. Na ndani ya gari la pamoja, ya mwenzako inaweza kuulizwa kwako. Mwambie mwandaaji mapema kwamba hutasafiri na bangi garini. Anayekula halali naye aseme mapema kuhusu sufuria na kikaango, maana jiko ni moja.

Mwili una madai yake. Mji wa Breckenridge uko takribani mita 2,926, juu kuliko vibanda vya Mandara ambako wapandaji wa Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala usiku wa kwanza, nanyi mtalala hapo huku mkitumia nguvu mchana kutwa. Kulala Denver usiku mmoja, kunywa maji ya kutosha na kuahirisha pombe husaidia. Mwenye selimundu asiende bila kuzungumza na daktari wake, na hata aliyerithi kinasaba kimoja tu aulize, kwa sababu mwinuko umewahi kuleta madhara ya bandama kwa watu wa namna hiyo. Anayeanza kujifunza ubao huumia mara nyingi kwenye kifundo cha mkono, anapoanguka akijikinga kwa viganja. Kinga ya kifundo na kofia ngumu zina maana zaidi kuliko koti la bei. Bima ya afya ihakikiwe kama inalipa katika jimbo lingine.

Mwisho ni njia ya kuondoka. Kila msafiri awe na akiba yake isiyo ya kundi, inayotosha usiku mmoja wa hoteli na tiketi ya basi au ndege kutoka mji ulio karibu. Awe na nyaraka zake mwilini, si kwenye kabati la gari. Na ndugu mmoja nyumbani awe na namba ya gari, jina la kampuni na orodha ya vituo vya kila siku. Siku ya kurudisha gari, matangi ya majitaka yamwagwe kwenye kituo kinachoruhusiwa, gari lipigwe picha ndani na nje mbele ya wakala, na makubaliano yataje tarehe ambayo amana, ikisharudi kwenye kadi ya mwandaaji, itagawanywa kwa kila aliyechangia.