Kijiti cha simba jike: hesabu siku 21 kabla ya kufungua mlango

Kila mtunza bustani ya wanyama anayenipigia kulalamika kwamba uzazi wa mpango haufanyi kazi kwa simba, namuuliza swali moja: baada ya kuwekewa kijiti, jike alirudi kwa dume lini? Jibu ni lile lile. Jioni hiyo hiyo, usingizi wa sindano ulipomwisha.

Basi mimba iliingia hapo. Kijiti cha deslorelini, homoni ya kutengenezwa, si sawa na kile cha kina mama kule zahanati. Huanza kwa kuamsha uzazi, ndipo huulaza. Kikishakaa chini ya ngozi, jike anaweza kuingia joto, yaani kutaka dume, siku chache baadaye, na wewe umemwekea dume ubavuni! Simba hupandana mara nyingi kutwa, siku tatu nne mfululizo. Baada ya siku kama 110 una watoto wawili hadi wanne wasio na banda, na kila mmoja akikua anataka kilo 5 hadi 7 za nyama kwa siku. Mwaka 2014 bustani ya Copenhagen iliua simba wanne, wawili wakiwa wadogo, kumpisha dume mpya.

Siku 21. Si "kama wiki mbili hivi". Jike akae banda la jirani lenye wavu imara katikati, waendelee kuonana na kunusana, la sivyo siku ya kuwarudisha watararuana. Huna banda la pili? Daktari ampe vidonge vya megestroli, homoni ya kuzuia joto hilo la mwanzo, siku 7 kabla ya kijiti na siku 7 baada yake. Kipimo apange yeye. Msivigeuze kuwa dawa ya kudumu: dawa za aina hiyo zikitumika muda mrefu huwaletea wanyama jamii ya paka uvimbe wa matiti na wa mfuko wa uzazi.

Kijiti cha miligramu 4.7 kihesabie miezi 6, cha 9.4 miezi 12, na badilisha mwezi mmoja kabla. Ukichelewa, unaanza tena siku 21 zako. Tarehe iandikwe mlangoni pa banda, si kwenye simu ya kijana ambaye mwezi ujao ameacha kazi.

Kikishika, jike haingii joto mpaka nguvu yake iishe.

Wapo wanaomwekea dume. Huyo hunyonyoka manyoya ya shingo, na anaweza kuendelea kutia mimba kwa miezi 2 au zaidi. Ukitaka abaki na manyoya yake afungwe mirija, na hata hapo mtenge miezi 2.