Flashi ya mteja ipimwe kwanza

Wenye stesheneri hapa Mtwara, hasa msimu wa korosho flashi za AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) zinapomiminika: wekeni kwenye kompyuta programu ya kutuma faili VirusTotal, tovuti inayopima faili kwa antivirus nyingi kwa mpigo. Programu nyingi za aina hii zinadai ufunguo wa API, yaani msimbo wa siri unaoiruhusu programu kutumia VirusTotal. Fungueni akaunti ya bure VirusTotal, mnakili ufunguo huo, mbandike kwenye mipangilio ya programu. Wa bure unaruhusu maombi 4 tu kwa dakika, kwa hiyo msitupie folda nzima. Anzeni na .exe (faili za programu) na .lnk (shotikati), ile shotikati iliyojivika jina la folda ndiyo mchawi mwenyewe. Orodha za malipo ya wakulima msipakie kamwe, faili likishapanda huko wengine wanaweza kulipata. Hizo zipimeni kwa Defender, antivirus iliyomo kwenye Windows, inapima hata bila bando.