Kitenzi "get": si kila mahali ni "pata"

Juzi kwenye daladala ya Mbezi, tulipofika Ubungo, konda alimgeukia mgeni wa Kizungu akapaza sauti: "Get down!" Yule mgeni akainama, mikono kichwani, anasubiri balaa. Konda alitaka ashuke tu. Kushuka kwenye basi ni "get off". "Get down" ya kupigiwa kelele namna ile ni "lala chini".

Hatua ya 1. Usihangaike na "get" yenyewe. Tazama neno linaloifuata.

Hatua ya 2. Likifuata jina la kitu, ni kupata, kununua au kuleta: "I got a job", nilipata kazi, "Get me some water", niletee maji. Pakifuata mahali, ni kufika: "I got to Kariakoo at nine", nilifika Kariakoo saa tatu. Ila "home" haitaki "to": "I got home".

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi tunapokwama. Sisi hali tunaibeba ndani ya kitenzi kimoja: kuchoka, kulowa, kulewa, kuzeeka. Mwingereza anatumia maneno mawili: get tired, get wet, get drunk, get old. Masika ikikukuta Posta bila mwavuli, sema "I got wet". Ukisema "I was wet", umetueleza kwamba ulikuwa umelowa, hukutueleza kwamba mvua ilikukuta. Na "I got lost" ni nilipotea, lakini "Get lost!" ni potelea mbali. Chunga mdomo.

Maswali ya wanachama

Swali: Bajaji ni "get on" au "get in"?
Jibu: "Get in", kama teksi. Bodaboda ni "get on" kwa sababu unaikalia juu. Basi, treni na ndege pia ni "on".

Swali: "Gotten" ni kosa?
Jibu: Marekani ni sahihi kabisa. Uingereza wanasema "got", na shuleni kwetu tunafuata hiyo.

Swali: Naweza kusema "I get you" kwa maana ya nimekupata?
Jibu: Ndiyo, hapo Kiswahili na Kiingereza vimekutana.

Swali: Mwalimu, nikichelewa foleni ya Kimara huwa namwandikia bosi "I am getting late".
Jibu: Andika "I'm running late". "It's getting late" ni usiku unaingia.

Swali: Mbona hajawahi kunisahihisha?
Jibu: Labda naye yuko kwenye foleni.