Umehamia Brazili? Anza na sahani ya mchana

Mlo mkubwa Brazili ni wa mchana, na hautakutisha: wali, maharage, kipande cha nyama, na farofa, yaani unga wa muhogo uliokaangwa. Mfuko ukiwa mwepesi, agiza "prato feito", sahani iliyopakuliwa tayari. Kwenye migahawa ya "por quilo" unajipakulia na kulipa kwa mizani. Kilo ya wali bei yake ni ileile ya kilo ya nyama, kwa hiyo pakua kwa akili.

Waislamu na Wasabato, kuweni macho na maharage. Feijoada, ambayo migahawa mingi ya São Paulo huipika Jumatano na Jumamosi, ni maharage meusi yaliyojaa nguruwe: masikio, miguu, soseji. Hiyo unaiona. Yanayoponyoka ni maharage ya kila siku, yanayoungwa mara nyingi kwa bekoni, na hata sukuma wiki, wanayoiita couve. Ukiuliza "tem porco?", yaani kuna nguruwe, ongeza na "tem bacon?", maana kuna wasioihesabu bekoni kuwa nguruwe. Brazili inauza nje kuku wengi sana wa halali, lakini hilo halikuhakikishii bucha la mtaani kwako. Ulizia msikitini.

Ugali upo. Supermaketi yoyote ina fubá, unga wa mahindi wa njano. Usichukue flocão; hizo ni chenga zilizokwisha kupikwa kidogo, za kutengenezea kuskusi ya kaskazini mashariki.

Mla kisamvu, au sombe kwa ndugu zetu wa Kivu, akifika Belém, jiji la kaskazini, atakutana na maniçoba. Ni majani ya muhogo yaliyosagwa, ila ni ya muhogo mchungu wenye sumu, hivyo huchemshwa karibu wiki nzima kabla hayajalika. Msimu wake mkuu ni Oktoba, wakati wa sikukuu ya Círio de Nazaré. Usijaribu kufupisha muda huo jikoni kwako. Nayo pia ina nguruwe, tena wa kutosha.

Salvador, jiji la jimbo la Bahia, ndiko ningekupeleka kwanza. Mama aliyevaa nguo nyeupe, kilemba kichwani, anachota rojo la kunde zilizomenywa na kusagwa na kitunguu, anatumbukiza kwenye mawese yanayochemka: acarajé. Mtu wa Pwani ataona bajia za kunde, ila hizi ni kubwa, hupasuliwa katikati na kujazwa vatapá, yaani rojo zito la mkate, nazi na kamba, pamoja na kamba wakavu, basi mwenye mzio wa kamba apite mbali. Akikuuliza "quente?" anazungumzia pilipili. Kazi ya akina mama hawa ilisajiliwa kuwa urithi wa taifa mwaka 2005. Chakula chenyewe kina mizizi katika Candomblé, dini ya Wabrazili yenye asili ya Afrika, na wapo wauzaji walokole wanaokiita "bolinho de Jesus" ili wasihusishwe nayo. Biashara ni biashara.

Vinywaji: juisi ya miwa na madafu havina shida. Caipirinha ni tamu kama juisi ya ndimu, lakini ndani kuna cachaça, pombe kali ya miwa, kuanzia asilimia 38.

Kusini, Rio Grande do Sul, utapewa chimarrão, chai chungu ya majani ya mate, kwenye kibuyu kimoja kinachozunguka. Usikoroge wala kuchezea ule mrija wa chuma. Kunywa mpaka kibuyu kikauke, kisha mrudishie anayemimina bila kusema asante. Ukishukuru ataelewa umetosheka, na zamu yako atairuka.