Vipuri vya bunduki Texas, visa ya kazi na tarehe 31 Agosti

Leseni ya uwindaji ya Texas inakufa tarehe 31 Agosti. Hata ukiinunua Januari, au Julai, ikifika usiku wa tarehe hiyo imekwisha. Kwa sisi wenye visa ya kazi, leseni hiyo ndiyo inayoturuhusu kuwa na bunduki. Naanza na hili kwa sababu najua wengi mtaishia aya ya kwanza, na hapa ndipo nilipoumia.

Sasa niwaeleze wale ambao hawajakutana na mchezo wenyewe wa kuunganisha bunduki kutokana na vipuri. Vita Baridi vilipokwisha, majeshi ya Ulaya Mashariki yalibaki na maghala ya bunduki ambazo hayakuzihitaji tena. Marekani hairuhusu bunduki hizo ziingie nzima kwa ajili ya raia, kwa hiyo risiva, yaani lile bodi linaloshika mitambo yote, linakatwa vipande kwa moto, na vilivyobaki vinauzwa kama seti ya vipuri. AK za Romania kutoka kiwanda cha Cugir, M70 za kiwanda cha Zastava cha Kragujevac, Serbia, za Poland, za Hungaria. Zipo pia G3, ile ambayo Mkenya yeyote ameiona begani kwa askari, na hata SLR, rifle za zamani za jeshi la Waingereza. Sheria ya shirikisho inahesabu risiva peke yake kuwa ndiyo bunduki. Kitako, bolti, kifyatulio na springi ni vyuma tu, vinaletwa na posta mpaka mlangoni kama viatu. Mtu ananunua seti, ananunua risiva mpya ya Kimarekani kwa muuzaji mwenye leseni, fundi wa bunduki anaunganisha na kupima usalama wake. Basi.

Hicho "ni vyuma tu" ndicho kinachotulegeza. Sisi tuliokulia kwetu, ambako kuomba kibali cha bunduki kunakupitisha serikali ya mtaa, kwa OCD, alama za vidole na maswali mpaka kwa balozi wa nyumba kumi, tukiona hapa bolti ya AK inauzwa kwenye meza ya maonyesho kando ya asali na soksi, tunadhani hakuna sheria. Ipo. Ila haikai kwenye chuma, inakaa kwenye pasipoti yako.

Sheria ya shirikisho inasema hivi: mgeni aliyeingia kwa visa isiyo ya uhamiaji haruhusiwi kuwa na bunduki wala risasi. H-1B, visa ya kazi, ni visa isiyo ya uhamiaji. F-1 ya mwanafunzi pia, J-1 ya mabadilishano pia, B-2 ya kumtembelea mjukuu pia. Hata ukiwa unalipa kodi, una nyumba ya mkopo na watoto wamezaliwa hapa, kwa sheria hii wewe bado ni mpita njia. Kifungo kinaweza kufika miaka 15. Kilikuwa 10 kabla sheria haijabadilishwa mwaka 2022. Na baada ya kifungo kuna ndege ya kurudi nyumbani.

Upo mlango mmoja mdogo unaotumiwa na wengi: ukiwa na leseni hai ya uwindaji iliyotolewa na jimbo lolote, katazo hilo halikuhusu. Huhitaji kuua swala. Kwa mkazi wa Texas leseni ya kawaida ni dola 25. Ukienda kununua risiva unajaza Fomu 4473, ile ya serikali ya kununulia bunduki, unaandika uraia wako na namba yako ya uhamiaji, unaonyesha leseni ya uwindaji, wanakuchunguza kwa FBI, unaondoka na mzigo.

Nilifanya hivyo. Leseni niliinunua Januari, na kijana wa kaunta aliyenikatia aliniambia kwa uso mkunjufu kwamba ni ya mwaka mmoja. Ni kweli, ni ya mwaka mmoja: mwaka wa wawindaji, unaoanza tarehe 1 Septemba na kuisha 31 Agosti. Tarehe imeandikwa kwenye karatasi yenyewe kwa herufi ndogo. Bunduki ya Romania ikakamilika, nikaipenda, nikaagiza seti ya pili. Oktoba nikaenda kuchukua risiva yake. Muuzaji akaitazama leseni, akanirudishia taratibu, akasema imekwisha, hawezi kuniuzia. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka jibu, kama nyumbani nina kitu kingine.

Nyumbani nilikuwa na bunduki nzima kabatini na boksi la risasi. Tangu 1 Septemba, nikilala, nikienda kazini, nikiwapeleka watoto shule, nilikuwa natenda kosa la jinai la shirikisho bila kuigusa. Sheria haidai uishike mkononi. Ikiwa ndani ya nyumba yako, au kwenye buti ya gari lako, na unaweza kuifikia, ni yako. Ombi langu la grini kadi lilikuwa mezani wakati huo. Usidanganyike na ombi: ombi si kadi. Wakili alipanga vitu vyote vitolewe nyumbani na kukaa kwa muuzaji mwenye leseni, akanikataza kuandika habari hizo kwa mtu yeyote kwenye WhatsApp, na ankara yake ilizidi bei ya seti zote mbili. Niliivuka salama. Wapo wasiovuka.

Kwa hiyo narudia. Weka alama kwenye kalenda ya simu katikati ya Agosti, maana leseni za msimu mpya wa Texas huanza kuuzwa wakati huo. Majimbo mengine yana tarehe zake, soma karatasi yako, usimsikilize wa kaunta. Leseni ya kuvua samaki si ya uwindaji. Leseni ya mkeo si yako. Na kama mkeo anatumia visa ya kukutegemea wewe na hana leseni yake, funguo ya kabati isiwe mahali anapopajua, kwa sababu naye anahesabiwa kuwa na bunduki.

Hili la pili linawahusu ndugu zetu wanaokuja kutembea. Shemeji amefika kwa B-2, wiki ya kwanza mmempeleka kwenye uwanja wa shabaha, mnampa bunduki apige picha, mnaituma kwenye kundi la ukoo. Mama mkwe anajibu "hongera mwanangu". Wapendwa, acheni. Kuishika kwa dakika tano ni kuwa nayo. Yupo kijana aliyetoka Falme za Kiarabu kwa visa ya mwanafunzi, jina lake Hamid Rehaif. Chuo kikamwondoa kwa alama mbaya, visa ikaisha nguvu, akabaki Florida na kwenda kulenga shabaha. Akashtakiwa, na kesi ikafika Mahakama ya Juu. Mwaka 2019 majaji wakasema serikali lazima ithibitishe kwamba mtu alijua hali yake ya uhamiaji. Watu wetu waliifurahia hukumu ile kana kwamba ni msamaha. Si msamaha. Visa imegongwa kwenye pasipoti yako, utasemaje hukujua?

Mambo mengine ni mepesi, yanataka umakini tu. Kwa bunduki ya aina iliyozuiwa kuingizwa nchini, kati ya sehemu 20 zilizotajwa kwenye orodha ya serikali, zisizidi 10 zilizotoka nje. Zilizobaki ziwe za Kimarekani. Magazini moja ya kigeni inabeba sehemu tatu za orodha hiyo, kwa hiyo unaweza kuharibu hesabu kwa kubadilisha magazini tu. Mitutu ya asili ilizuiwa kuingia tangu 2005, ndiyo maana seti nyingi huja bila mtutu. Usiguse kabisa chochote kinachohusu kufyatua mfululizo. Mlango huo kwa raia ulifungwa mwaka 1986. Epuka risiva zinazouzwa hazijakamilika ili umalizie mwenyewe, kwa sababu mwaka 2025 Mahakama ya Juu iliikubali kanuni ya serikali inayohesabu baadhi ya seti za namna hiyo kuwa bunduki. California, New York na New Jersey zina ukali wao, na kule usianze bila wakili. Bangi inaweza kuwa halali katika jimbo lako lakini Fomu 4473 inaiuliza, na kusema uongo humo ni kesi nyingine.

Wamarekani wenyewe, nikiri, wamenishangaza. Nilidhani nitakuta watu wakali. Nimekuta wastaafu wenye miwani minene, wanabishana mchana kutwa kuhusu mihuri ya viwanda vya Romania, wanagawana kahawa, na wanakufundisha bila kukuuliza umetoka wapi. Sisi tuliopita JKT tuliwahi kuivua na kuisafisha bunduki ya Kichina huku tunatukanwa. Hawa wanaifanya kwa mapenzi, Jumamosi, redio ikiimba. Lakini ukarimu wao una upofu ndani yake. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiria kwamba mtu aliyekaa naye meza moja anaweza kufungwa kwa kitu ambacho yeye anakiacha kwenye gari wazi. Watakwambia "hapa ni nchi huru", na wanasema kweli, kwa upande wao. Ushauri wa sheria usiuchukue gereji.

Halafu kuna wajomba wa nyumbani. Ukituma picha moja tu, utapata ujumbe: mwanangu, kuna kontena linakuja Dar, niwekee kile kitako au darubini katikati ya mitumba, ni chuma tu. Mjomba, shikamoo, lakini hapana. Hapa kipuri kinauzwa huru, kutoka nje ya mpaka hakiko huru. Vipuri vingi vya bunduki na darubini zake vinahitaji kibali cha Wizara ya Biashara ya Marekani, na tangu Machi 2020 ndiyo inayosimamia bunduki za kiraia zinazosafirishwa nje. Upande wa pili wa bahari, sheria ya Kenya inahesabu kipuri cha bunduki kuwa bunduki, na Tanzania ina sheria yake ya silaha ya mwaka 2015. Mwenye kontena atakamatwa, mwenye mitumba atakamatwa, na wewe uliyeandikwa kama mtumaji utapatikana kwa anwani yako ya Houston.

Walioko Uingereza na Kanada, habari hii yote msiiige. Uingereza sehemu zinazobeba shinikizo la mlipuko, mtutu ukiwemo, zinahesabiwa kama bunduki yenyewe, na rifle za kujipakia za aina hii zilipigwa marufuku mwaka 1988. Kanada ilifungia takriban aina 1,500 kwa siku moja, tarehe 1 Mei 2020.

Grini kadi ikifika, leseni ya uwindaji haihitajiki tena kwa ajili ya sheria hii, isipokuwa ukienda kuwinda kweli. Lakini kosa la bunduki linaweza kumfukuzisha nchini hata mwenye kadi, mpaka siku atakapokula kiapo cha uraia. Mimi seti yangu ya pili bado iko kwenye boksi lake, bila risiva.